Fidla Moja na Mwavuli Uliofungwa

Hebu fumbeni macho kidogo, mwone benchi la mbao mbele ya duka la vitambaa, karibu na soko la Woolwich, huko ughaibuni, Jumamosi asubuhi, baridi inauma masikio. Waliokaa ni watatu. Vinod, mwenye duka, mzaliwa wa Kisumu, anaitwa Punguzo kwa kuwa hajawahi kumpunguzia mtu bei. Sidonie, anayetunza wazee kwa zamu, ndiye mwenye chupa ya kahawa. Jina lake hapa ni Mama Zamu. Wa tatu ni Adolphe wa Bukavu, anayesafisha ofisi. Yeye wanamwita Spika, maana sauti yake haihitaji umeme. Leo jioni binti yake, Miradie, atapiga fidla peke yake katika ukumbi wa mtaa. Muziki ameutunga mwenyewe, baada ya kuitazama picha ya mchoraji mmoja, Mmarekani mweusi: mama amesimama peke yake uwanjani, mvua inamnyeshea, na mwavuli anao mkononi, umefungwa. Wenzake wa benchi Adolphe ameshawaonyesha picha hiyo kwenye simu. Adolphe amevimba kwa fahari tangu alipoamka. Hata hivyo, kuna jambo linamkera.

— Mutoto wangu asimame yeye moja mbele ya batu bote? Kwetu batu banasema huyo hana ndugu!

— Hiyo ndiyo inaitwa solo, Spika, alisema Vinod.

— Solo ni ya yatima! Nimeshapanga. Akianza tu, kwaya yote ya kanisa inasimama. Ngoma mbili, na Luc kwa gitaa. Kidole kimoja hakivunji chawa!

— Lakini mtoto anatumia vidole vinne, bwana.

— Na mimi naleta vitenge, alidakia Sidonie. Tunapanda jukwaani, tunamzunguka, tunacheza. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Miradie mwenyewe anajua?

— Ni sapraizi, Punguzo. Funga mdomo.

Vinod akapuliza kahawa yake.

— Sawa. Ila niambieni, yule mama kwenye picha, mbona hafungui mwavuli?

— Ni mwavuli wa kazini, alisema Sidonie. Ukiulowesha, meneja anakuita ofisini.

— Wapi! Ameununua jana, kesho anataka kuurudisha dukani. Wateja wa aina hiyo nawajua mimi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani!

— Basi labda ndani yake ameficha pasipoti.

— Au ni wa mfalme, yeye amepewa amshikie. Mfalme yuko chooni!

Sidonie alicheka mpaka kahawa ikamwagikia glavu. Adolphe hakucheka.

— Ninyi hamuoni. Yule mama ameachwa. Balikuwa bengi, bote bamemukimbia, hakuna hata moja wa kumufungulia mwavuli. Na mutoto wangu ameona ile picha, akasema, "Papa, huyu ni mimi."

Spika alikuwa ameshusha sauti, na hilo halikuwahi kusikika pale.

— Mimi kazi usiku, mama yake kazi mchana. Anarudi kwa nyumba, anakuta mlango na funguo. Sasa hata kwa jukwaa nimuache yeye moja?

Hapo akatoka dukani Kalpana, shemeji yake Vinod, aliyefika juzi kutoka Mombasa, na bakuli la sukari mkononi. Alikuwa amewasikia tangu mwanzo.

— Samahani, Baba Miradie. Kwani huyo mama analia?

Mwavuli walikuwa wameuchambua mpaka mpini wake. Uso hakuna aliyeuangalia. Adolphe akatoa simu, akaifuta kwa mkono wa koti, akaikuza picha. Vichwa vinne vikakutana juu ya kioo. Mama hakuwa analia. Alikuwa ameinua kidevu, macho ameyafumba, na midomo inakaribia kucheka, kama mtu aliyeitwa aingie ndani akakataa.

— Mh! Huyo anaringa, alisema Sidonie.

— Anaringa na mvua yake, alisema Vinod.

Adolphe alikigusa kidevu kile kwa kidole gumba. Kisha akapiga simu.

— Luc? Ngoma zibaki kwa kanisa. Hapana, batu bote bakuje! Bavae vizuri. Bakae tu. Bamusikilize. Eeh, kimya. Hata mimi.

— Wewe, kimya? Vinod alisimama. Basi leo nafunga duka mapema. Hiyo lazima nijionee.

Jioni wakaenda wote ukumbini. Miradie alianza kwa kudonoa nyuzi, tone moja moja, kama mvua ya kwanza kwenye dirisha. Baadaye upinde ukateleza juu ya nyuzi na sauti moja ikapanda, haikuomba msaada wa mtu. Kwaya ilikaa safu mbili, vitenge vimenyooka, kimya. Adolphe alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, na machozi yanapita juu ya vidole. Uzi wa mwisho ulipotulia ndipo vigelegele vya Sidonie vilipopasua ukumbi, na Miradie akainua kidevu.

Nanyi, siku mkimwona mtoto amesimama peke yake mbele ya watu, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: kabla hamjapanda kumsaidia, mtazameni kwanza usoni.