Kauli Iliyorekodiwa Kabla ya Kazi

Habari hizi nilizisikia kwanza kwa marehemu mwenyewe, dada yangu Corinne Tidwell, tarehe 9 Machi 2021, nyumbani kwake Reseda, milango yote ikiwa imefungwa kwa ufunguo, akaniagiza nizisome siku hii ya mazishi yake bila kupunguza.

Alizaliwa tarehe 14 Juni 1979 huko Bakersfield, mtoto wa kwanza wa Bwana Orrin na Bibi Velma Tidwell, akamaliza sekondari mwaka 1997, akahamia Los Angeles kufanya kazi ya kuremba waigizaji, na kuanzia Februari 2002 akaigiza filamu za watu wazima, jambo ambalo yeye hakulificha, nasi hatutalificha.

Katika kazi ile mwigizaji huandika mapema anayokubali na anayokataa, na kazi ikiisha husimama mbele ya kamera na kitambulisho chake, akaeleza alivyotendewa. Tarehe 3 Oktoba 2011, katika nyumba ya kukodi huko Chatsworth, mwongozaji alitaka aseme kauli hiyo kabla ya kazi kuanza.

"Mrembo, jua linatukimbia, maliza kabisa na ile kauli ya mwisho."

"Nitasemaje nimetendewa vyema na hatujaanza?"

"Acha mbwembwe, Corrie, wenzako wote wanasema."

Akasema, akatabasamu. Kisha alitendewa jambo aliloliandika kuwa hapana, akasema "basi" mara mbili, na kamera haikuzimwa. Alipotaja wakili, mwongozaji alimtumia Mama video ya kauli ile, naye Mama akampigia simu kumuuliza, "Sasa mbona hapa unacheka?" Hawakuzungumza tena.

Tangu hapo aliogopa kila simu, kila gari lililosimama mbele ya nyumba, na zaidi ya yote aliogopa kufa uso ule wa tabasamu ukiwa ndio unaoaminiwa.

Tarehe 22 Mei 2013 aliolewa na Desmond Achterberg, wakajaliwa binti, Wren, mwaka 2014, akarudi kazini kama msimamizi wa ridhaa, anayehakikisha mwigizaji hatendewi alilolikataa, akikataa kauli yoyote ya mwisho kurekodiwa kabla ya kazi kwisha.

Aliugua saratani ya kongosho mwezi Januari 2021, akafariki tarehe 11 Novemba 2022, saa tatu asubuhi.

Tunawashukuru madaktari waliomsubiri asome kila mstari kabla ya kutia sahihi, majirani wa Reseda, na wafanyakazi wenzake waliothubutu kuja.

Kati ya waliohusika, mpiga picha amefariki, mwongozaji yu hai na bado anafanya kazi. Mama yu hai, ameketi safu ya mbele, na maelezo haya anayasikia leo kwa mara ya kwanza.

Lala kwa utulivu, Corrie, tumekuamini.