Dada Vijiti na Solo ya Miaka Thelathini na Sita

Dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Dada Vijiti, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya watano wa baba seremala na mama mshonaji. Mimi ni kitinda mimba, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, kwa hiyo mnivumilie nikimsifia kupita kiasi.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa mkabala na karakana ya baba, akahitimu ukarani mwaka 1970. Kwa miaka thelathini na mmoja alipiga taipu katika ofisi ya maji, na barua zake hazikuwahi kurudishwa kwa kosa. Mwaka 1978 alifunga ndoa na dereva wa lori. Baadaye shemeji alizoea kusema ameoa mke mmoja na ngoma mbili, na katika hao watatu hakuna anayenyamaza.

Ngoma hizo ni timbale, zile za chuma zinazosimama kwenye stendi katika bendi za muziki wa Kilatini. Alizianza mwaka 1984, akiwa na watoto wawili, katika ukumbi ulio nyuma ya ofisi yake. Mwalimu wake, tuliyemwita Fundi, alimkataza kuzigusa mwaka mzima. Alimpa vijiti viwili tu, agonge mapigo matano ambayo muziki huo wote huyaegemea: matatu upande mmoja, mawili upande wa pili.

"Mikono iende inakotaka," Fundi alimwambia, "lakini hayo matano yasikutoke kichwani."

Tarehe 6 Juni 1987 bendi ya ukumbi huo ilimpa solo yake ya kwanza, nafasi ya kupiga peke yake. Sifa zikampanda kichwani. Alipiga kwa kasi, akajaza kila nafasi, na alipoiita bendi irudi, yeye alikuwa kwenye matatu, wenzake kwenye mawili. Muziki ukavurugika, wacheza dansi wakasimama. Dada, ambaye hakuwahi kukosea herufi, alikuja nyumbani akasema, "Nimeharibu mbele ya watu."

Tangu hapo alisindikiza tu. Akiombwa solo alisema, "Mpeni mwingine." Lakini kila asubuhi kabla ya kazi alikuwa jikoni, mdomo ukihesabu yale matano, mikono ikipiga mengine kabisa juu ya stuli. Sikuelewa mtu mmoja anawezaje kuwa wawili hivyo. Bado sielewi.

Mwaka 2021 figo zake zilishindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mapema mwezi huu aliniita. "Mdogo wangu, nipeleke ukumbini. Nataka solo yangu."

"Dada, hata kijiko kinakushinda."

"Kijiko sikukifanyia mazoezi."

Jumamosi, tarehe 13 Mei 2023, tulimketisha mbele ya timbale. Alipiga pigo moja, akanyamaza. Tulidhani amezidiwa. Piano ikarudia mzunguko wake, akapiga mawili, akanyamaza tena, na katika ukimya ule sote tukayasikia yale matano, ingawa hakuna aliyeyagonga. Kisha mikono ikafunguka, nami nikamwogopa dada yangu, hofu ya mtu aliyeona jambo linalomzidi. Alipoiita bendi, yote iliingia naye kwa pigo moja.

Ndani ya gari nilimuuliza kama amechoka.

"Nimechoka vizuri," alisema.

Alifariki hospitalini tarehe 22 Mei, saa nne asubuhi. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, sisi wadogo zake wanne, na Fundi, mwenye miaka tisini na mmoja, aliyeketi hapa mbele.

Mungu ampe pumziko alilolifanyia kazi.