Katikati ya Bwawa

Mbele yangu kwenye basi alikaa bibi aliyelowa nywele, ilhali nje jua lilikuwa kali. Fundi viatu aliyekaa kando yake, amepakata sanduku lake la kazi, alimwuliza, nami nikamshukuru kimyakimya, maana mimi nilikuwa naona haya.

"Shikamoo, mama. Umenyeshewa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Natoka bwawa la jiji. Najifunza kuogelea, na miaka yangu hii sitini na minane."

"Mimi binti yangu nimemkataza. Maji yanaua."

"Yanaua kweli. Mdogo wangu alizama mtoni huku namwona. Ndiyo maana naenda."

Baada ya vituo viwili fundi aliuliza, "Na leo ungeweza kumfikia?"

"Bado," alisema bibi. "Nafika katikati, nachoka."

Basi likasimama. Bibi akashuka bila kumwambia fundi afanye nini na binti yake.