Dereva, Aliyerudi Kuuliza Amesahau Nini

Kila asubuhi marehemu baba yetu alitoka nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza alifika kwenye bomba la maji pale kona, akasimama, akageuka. Alirudi mpaka mlangoni, akashika fremu kwa mkono mmoja na kuuliza, "Nimesahau nini?" Mama, bila kuinua macho kwenye sufuria, alimjibu, "Umesahau kuondoka." Hapo ndipo alipoondoka kweli. Sisi watoto tulicheka, lakini hakuna aliyethubutu kukomea mlango kabla hajarudi.

Wengi mnamjua kwa jina la Dereva. Wageni waliuliza anaendesha gari gani, wakaambiwa hana hata baiskeli. Leo Mama ameturuhusu kueleza jina hilo lilitoka wapi, pamoja na jambo ambalo siku zote za maisha yake Baba aliogopa lisije likajulikana.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kituo cha reli, mtoto wa kwanza wa wazazi wake. Aliyemfuata ni shangazi yetu, ambaye tunaye hapa. Babu alikuwa mfagizi wa kituo. Shangazi anasema treni ikipita vikombe viligongana kabatini, na Baba, angali mdogo, aliweza kusema ni treni ipi kwa mngurumo tu. Babu aliegemea ufagio wake na kumwambia kila abiria aliyekubali kumsikiliza, "Huyu wangu ndiye atakayeiendesha." Jina la Dereva lilianzia hapo.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 1986. Februari 1987 aliitwa kwenye mafunzo ya udereva wa treni. Babu alimnunulia viatu vyeusi, vya kwanza kununuliwa vikiwa vipya katika nyumba ile. Siku ya kupimwa macho Baba alitoka akipiga mluzi, hakugeuka nyuma hata mara moja. Huko akafunguliwa kitabu chenye picha za nukta nukta. Wenzake waliona namba ndani yake. Yeye aliona nukta. Mpimaji alirudia ukurasa, akarudia tena, mwisho akamwambia taratibu, "Kijana, kwako nyekundu na kijani ni kitu kimoja. Hatuwezi kukukabidhi treni yenye watu."

Baba alituambia kwamba hajawahi kuogopa barabara kama alivyoiogopa ile ya kurudi nyumbani. Babu alikuwa amesimama getini na ufagio wake, akamuuliza, "Vipi?" Baba akajibu, "Vizuri." Neno hilo moja likamfunga. Kesho yake ilibidi aamke, avae viatu, abebe mkoba, aage, atoke. Na keshokutwa vilevile. Alizunguka mitaani akiinamisha uso, akihofia kila mtu aliyevaa sare ya reli. Tangu wakati huo hakuweza tena kutoka nyumbani moja kwa moja. Alisema siku aliyotoka bila kugeuka ndiyo siku aliyorudi mikono mitupu.

Katika kuzunguka huko alijificha na mvua kwenye karakana ya makochi ya mzee mmoja tuliyemwita Babu Misumari, kwa sababu alifanya kazi akiwa na misumari mdomoni na alizungumza nayo humohumo. Mzee hakumuuliza ametoka wapi. Alimwambia tu, "Shika hapo." Baba akashika kamba ya kiti, mzee akavuta. "Vuta kama unataka, siyo kama unaogopa." Baba akavuta. Mvua ilipokatika, mzee akasema, "Kesho usije na shati jeupe." Baba aliendelea kutoka na shati jeupe, na la pili akaliweka mkobani.

Siku Babu alipojua, Baba alikuwa amejitwika kochi kichwani pamoja na Babu Misumari, wakilipeleka kwa mteja. Kochi lilimfunika hadi mabegani. Akasikia sauti pembeni yake ikisema, "Hivyo viatu nimenunua mimi."

Baba alisema miguu ilitaka kukimbia, lakini kochi lilikuwa na mtu nyuma.

"Weka chini hilo dude."

"Siwezi, baba. Mzee ataanguka."

"Na treni je?"

"Walinikataa. Ni macho, baba. Tangu siku ileile."

 Magari yalipiga honi nyuma yao. Kisha Baba akasikia uzito umepungua upande wa kushoto: Babu alikuwa ameweka bega lake chini ya kochi. Walilibeba watatu mpaka kwa mteja. Babu hakulitaja tena jambo la treni mpaka anafariki. Lakini jina lilishazoeleka mtaani, halikufutika.

Basi ufundi ukawa kazi yake. Babu Misumari alipozeeka alimwachia karakana, ndiyo hiyo iliyo ubavuni mwa nyumba yetu. Hofu haikumwacha. Fundi wa makochi anauza rangi, na yeye rangi zilimkimbia. Alikwenda kununua uzi akiwa na kipande cha kitambaa mkononi, akimwambia muuzaji, "Nipe unaofanana na huu." Muuzaji huyo ndiye mama yetu. Siku moja, kwa kumjaribu, alimpa uzi mwekundu kwa kitambaa cha kijani. Baba akashukuru, akaufunga vizuri kwenye karatasi. Mama akamwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, wewe huoni."

Baba alikaa muda mrefu bila kupita mtaa ule. Aliamini habari zimeshaenea. Alipoishiwa uzi kabisa akarudi, uso umemshuka, na Mama akamsukumia mfuko wa vifungo. Mle ndani, kila roli ya uzi alikuwa ameifungia kifungo: cha matundu manne ni nyekundu, cha matundu mawili ni kijani, cha mfupa ni kahawia. "Utasoma kwa vidole," alimwambia. "Na mimi sina mdomo." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Agosti 1994 na Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 1999 kaka yetu mkubwa, akiwa na miaka mitatu, alicheza na vifungo hivyo, akavifungua kwenye nyuzi na kuvirudisha alivyotaka yeye. Mwanamke mmoja mwenye duka la dawa alipokuja kuchukua kochi lake la kijani, alilizunguka polepole.

"Fundi, hii nyekundu imetokea wapi?"

Baba hakujua nyekundu gani. Akaficha mikono mifukoni. Mama ndiye aliyejibu, "Ndiyo inayotakiwa siku hizi, dada. Kijani kitupu kimepitwa."

Mteja akakaa, akapapasa mshono. "Sasa mbona hamkusema mapema? Nifanyieni na viti viwili."

Alipoondoka, Baba aliuliza, "Nyekundu gani?" Mama alicheka mpaka akakaa chini. Ninyi wenye makochi ya kijani yenye mshono mwekundu, sasa mnajua mtindo ule ulitoka kwa nani. Mlimsifu sana, naye kila mliposifu alikuwa akisubiri swali litakalofuata.

Mwaka 2022 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kukatika. Daktari alisema moyo umepanuka na umechoka, asibebe wala kuvuta kitu. Baba alimuuliza, "Sasa nitakuwa nani?" Daktari alidhani anatania. Nyumbani alikaa mbele ya karakana, mikono mapajani, akiwa na uso ambao Shangazi alisema aliuona mara moja tu, mwaka 1987. Tulimwogopea. Mimi binti yake wa mwisho nilikuwa nikisikiliza kutoka jikoni, na karakana ikiwa kimya nilikwenda kuchungulia.

Mama ndiye aliyemwekea vipande vya kitambaa mapajani, na sindano, na uzi wenye vifungo. Akaanza kushona mito midogo. Siku za kwanza aliificha wageni wakija, akiona haya. Baadaye watu wakaagiza, na Mama akasema makochi yamezaa. Nyundo haikurudi, lakini tulijifunza kusikiliza mkasi.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024. Tangu ahame nyumba za reli hakuwahi kupita njia ya kituo. Alizunguka kupitia sokoni, hata kwenye jua kali, hata akiwa mgonjwa. Siku hiyo alipita kituoni. Karani wa tiketi anasema alimsalimia, akakaa kwenye benchi linalotazama reli na mito yake miwili mapajani. Treni iliingia, ikapakia, ikaondoka. Karani alidhani amesinzia.

Ameacha mjane, watoto watatu, mkwe mmoja, wajukuu wawili na dada yake. Ameacha pia mfuko wa vifungo, ambao hakuna anayetaka kuuhamisha pale ulipo.

Asubuhi ya siku ile ya mwisho Mama alimwambia, "Mwenye duka la dawa atume mtu aje achukue mito yake." Baba akasema, "Mito hii ni myepesi kuliko kofia yangu." Akavaa kofia, akatoka. Nilimwona akifika kwenye bomba. Hakusimama, hakugeuka, alipita kona akitembea kama mtu anayejua anakokwenda. Mama aliacha sufuria, akasimama karibu na mlango, jibu lake likiwa mdomoni. Nilitaka kukomea, akanizuia mkono. "Ngoja. Bado hajarudi kuuliza."

Tulingoja. Hakurudi.

Hakusahau kitu. Apumzike, baba yetu, na asiogope tena.