Seva ya Kituo cha Figo

Benchi la Hedi muuza kahawa linatazamana na kituo cha kusafisha figo, hapa Sfax. Asubuhi hiyo tulikuwa watatu: mimi, Lassaad Fundi Yote, na Mongi tunayemwita Jenerali, ingawa jeshini alikuwa mpishi. Mkewe, Zohra, alikuwa ndani kwenye mashine. Wiki iliyopita seva ya kituo iliganda mara tatu, vipimo vya wagonjwa havikufunguka, na Zohra akarudishwa nyumbani miguu imevimba. Wiki hii haijaganda hata mara moja, alhamdulillahi.

— Lilikuwa joto tu, alisema Fundi Yote. Upepo wa jangwani ukivuma, kompyuta zinalewa.

— Wacha wee. Mle mlikuwa na majasusi.

— Jasusi anataka nini na figo za Zohra, Jenerali?

Nikawaeleza nilivyosikia kwa Wided, binti anayeitunza seva. Zamani ikiganda, walikuwa wanaizima na kuiwasha, basi. Wided alianza kwa kusoma rekodi za mashine, akaikuta programu ya ripoti inakula kumbukumbu yote. Akaiwekea kikomo, programu nyingine nazo zikapumua. Rekodi hizohizo zilionyesha watu wasiojulikana wanajaribu kuingia usiku na mchana, na nenosiri lilikuwa mwaka ambao timu yetu ilichukua ubingwa.

— Huo hata mbuzi wangu anaujua, alisema Fundi Yote.

Ndiyo maana Wided akalifuta nenosiri hilo. Sasa kila mfanyakazi ana ufunguo wake wa kidijitali, na milango ya mtandao isiyotumika imefungwa. Daktari mkuu alinuna siku mbili.

— Huyo si mtu, ni jini mwema, Jenerali akasema. Nawaambia, anaongea na ile mashine na inamjibu.

— Amesomea Japani, chini ya ardhi, alidakia Fundi Yote.

— Tumjengee sanamu soko la samaki.

Mama mmoja aliyekuja kumsubiri mumewe alikuwa amekaa pembeni, anatusikiliza.

— Na yeye mwenyewe, aliuliza, mmemwambia asante?

Fundi Yote akatazama kikombe chake. Mimi nikatazama barabara. Kwa kweli niliona haya.

— Wiki iliyopita, Jenerali alisema polepole, nilimwita mvivu. Mbele ya wagonjwa wote.

Akamwagiza Hedi kahawa moja ya kubeba, akafunga vifungo vya koti, akavuka barabara.