Muti wa Noeli, Mwezi wa Kumi na Moja

Mimi Mariette njo mwenye termosi ya kahawa. Kila asubui natosha inje banc yangu ya mbao pembeni ya barabara ya Beni, na kila asubui banaume batatu banaikalia kama baba yao njo aliitengeneza. Phinées, tunamuita Docta juu anachoma mbuzi za batu sindano, na hakuna kitu hajue. Mathe, tunamuita Météo: anatangaza mvua, na ikikataa anasema iko njiani. Na Vieux Lusenge, angalau yeye iko na adabu. Binti yake Adèle iko Canada na bwana na batoto. Aliahidi kama Noeli batakuya kula kwetu, Butembo. Vieux akanunua mbuzi, na ile mbuzi inakula vizuri kunipita. Leo Adèle alituma picha mbili.

— Angalia muti wa kwa mulango yao, Vieux akasema. Majani yote imeanguka.

— Ugonjwa, Docta akasema. Kahawa ya baba yangu ilianza vile. Umwambie baungoe.

— Ni baridi, Météo akasema. Kule baridi inavulaka miti nguo.

— Na ya jirani iko vile vile, Vieux akasema.

— Basi ugonjwa umeshika avenue yote.

Picha ya pili ilikuwa ndani ya nyumba: muti mubichi, taa mingi, batoto ba Adèle, Shekinah na Jephté, banatundika nyota.

— Noeli? Vieux akasema. Lakini leo ni tarehe kumi, mwezi wa kumi na moja. Hata korali yetu haijaanza kurudilia nyimbo.

— Saa ya kule si yetu, Météo akasema.

— Adèle alisema ya kule inabaki nyuma.

— Ikibaki nyuma sana, inatokea mbele.

Docta akakataa.

— Ule wa ndani ni dawa. Ule wa inje unaangalia ku dirisha, unaona mwenzake na majani na taa, unapata haya, unaota upya.

— Hapana, Météo akasema. Banafanya Noeli mapema juu bamalize mapema, bapate nafasi ya kusafiri.

Hiyo ilimupendeza Vieux. Akacheka, akaomba kikombe kingine.

Njo Séphora akashuka ku camion, mama wa Beni mwenye kununua mbuzi za sikukuu.

— Jambo, Papa. Banasema uko na mbuzi ya kunona.

— Iko, mama, lakini haiuzwe. Ni ya batoto bangu. Banakuya Noeli. Angalia.

Akamupa simu. Séphora akaangalia muda murefu.

— Bamekomea, bamekuwa bakubwa, Papa. Lakini kama Noeli banakuya huku, huu muti banaupambia nani?

Météo akaangalia mbingu, na kwa mara ya kwanza hakuona kitu. Mimi nilimukasirikia ule mama, na tangu asubui nilikuwa najiuliza vile vile.

— Mariette, kahawa, Vieux akasema.

Nikainamisha termosi. Ilitoka mashapo tu.

— Imeisha, Papa.

Vieux akakamata simu ku mikono ya Séphora, akaileta karibu na kinywa, akafinya juu ya kutuma sauti.

— Adèle, mama. Muti wenu nimeuona, uko muzuri. Ule wa inje musiungoe, Docta anakosea. Na usiogope kuniambia. Mbuzi itangoja, hata Pasaka.

Akaweka simu mu mufuko. Akaomba Séphora musamaha, akaenda kukatia mbuzi majani.