Siku ya Mwisho ya Duka la Kinyozi

Iache hiyo taa, binti yangu. Iache ilivyo, hata kama inanikata uso nusu, uje ukae hapa upande wa mkono wangu wa kulia. Na wewe, mwanangu, tia simu mfukoni, vuta kile kigoda ukae upande wa pili. Mama yenu abaki palepale mlangoni, maana ameniambia hatoki wala hamruhusu mtu kutoka mpaka nimalize. Najua mmekuja kunirekodi. Lakini tangu mwingie, dada mtu anataka kitanda kizungushwe kielekee dirishani, mdogo mtu anasema simu inatosha, na katika kuvutana kwenu pumzi niliyoiweka akiba kwa maneno haya inaishia kwenye kuwatazama. Basi leo hakuna kurekodi. Nisikilizeni kwa masikio mliyozaliwa nayo. Hayo hayahitaji chaji.

Msidhani kwa kuwa nimelala sijui kinachoendelea. Mlango wa ile wodi ya hospitali ni wa mbao nyepesi, na siku mliyokutana koridoni nilisikia kila neno. Wewe, mwongozaji wangu, ulimwambia dada yako kwamba amebadilisha kufuli la stoo kama mwizi wa mali ya baba yake. Wewe, mpiga picha wangu, ukamjibu kwamba hutampa mtu kamera akaichezee kama mwanasesere, kwamba kazi ya filamu yenu itaendelea kamera mpya ikifika, na asiyeweza kusubiri akatafute dada mwingine. Naye akasema, "Basi kuanzia leo usinihesabu." Kisha nikasikia viatu vikiondoka, vya mmoja huku, vya mwingine kule. Nesi aliyekuwa ananipima presha akaniuliza kama nina maumivu mahali. Nikamwambia ninayo, ila si ya kutibiwa na yeye.

Na wakati ninyi mnagombea kufuli, shangazi yenu, dada yangu wa tumbo moja, ambaye mmembebesha uigizaji wa filamu nzima katika umri ule, kila asubuhi anavaa lile gauni la kijani la onyesho la mwisho, anakaa sebuleni kwake na mkoba magotini, anasubiri gari lenu. Gari haliji. Ikifika mchana analivua, analikunja, analirudisha kabatini. Ameniambia mwenyewe alipokuja kunitazama. Hakulalamika, alisema tu kwamba maneno aliyoyakariri yameanza kumtoroka.

Sasa nitawaeleza habari ya mjomba wenu. Mama yenu, usinikatize, tumekwisha kubaliana.

Mmekua mkijua mnaye mjomba, na mkijua pia kwamba jina lake halitajwi mezani. Tulikuwa watatu. Mama yenu alihariri, mimi niliongoza, na mdogo wake alipiga picha. Tulimwita Jicho, kwa sababu angeingia chumba ambacho sote tumekitazama mpaka tumechoka, akasimama kidogo, akasema, "Kile kiti kisogezeni ukutani," na mkikisogeza mnaona kweli chumba kimeanza kusema. Tulikuwa na kamera moja ndogo ya mkononi, mpini wake tumeufunga kwa utepe mweusi, na kwa kamera ile tulifanya filamu zilizotufanya tukaribishwe mahali ambapo hata viatu vyetu vilitutia aibu. Tulicheka sana siku zile. Mtu akitukuta tukigombana juu ya picha moja angedhani tunauana, kumbe baada ya muda tunakula sahani moja.

Babu yenu, baba wa mama yenu na Jicho, alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye vioo pande zote mbili, viti vya kuzunguka, na benchi la wanaosubiri ambalo kwa kweli lilikaliwa na wasiosubiri chochote. Mwenye jengo alipotangaza kwamba analibomoa, tukaamua filamu yetu inayofuata iwe ya babu yenu kufunga duka. Akubali kukaa katika kiti chake mwenyewe, kile alichowakalisha wengine maisha yake yote, atueleze vichwa vilivyopita mikononi mwake. Safari hii tulipata mfadhili, na mfadhili akatuazima kamera kubwa, mama wa kamera, pamoja na lenzi zake ndani ya masanduku yenye godoro zuri kuliko la kitanda changu cha wakati ule, na taa, na reli za kuitelezeshea kamera, na jenereta. Jicho alilifungua sanduku la kwanza. Aliniangalia tu, macho yamemlowa. Msimcheke. Mtu aliyepiga picha miaka yote kwa utepe mweusi, halafu anashikishwa chombo kinachoona kama anavyoona yeye, ana haki ya kulia.

Mwenye jengo alitupa siku moja tu. Kesho yake mafundi wangeingia kung'oa vioo. Tulifika asubuhi, babu yenu amevaa koti lake jeupe la kazi, amelipiga pasi mwenyewe. Moyo wake ulikuwa mbovu, daktari alikwisha kutuonya, lakini asubuhi ile alikuwa na uso wa bwana harusi. Shida ikawa vioo. Kamera ile kubwa ilitaka taa nyingi, na kila taa iliyowashwa ilionekana katika vioo vya upande wa pili, na aliyekwenda kuificha naye akaonekana. Jicho akahamisha taa, akatandika shuka jeusi, akatandua, akapanda ngazi, akashuka. Mama yenu alianza kwa upole: "Anza tu, baba anachoka." Naye, "Dada, dakika chache. Nataka baba aonekane anavyostahili." Baada ya muda tena, "Anza!" na jibu lilelile, dakika chache. Sauti zikapanda. Mafundi wa taa wakajifanya wanatafuta vitu sakafuni. Mimi nilikuwa katikati, mume wa mmoja na rafiki wa mwingine, na kila nikifungua mdomo naonekana nimechagua upande.

Nipeni maji. Kidogo tu... Asante, mama.

Ndipo nikaitoa ile kamera ndogo begini. Sikuwa na mpango wowote. Nilimwona babu yenu amekaa kitini, Jicho amepiga magoti miguuni pake anakaza skrubu ya stendi, na mzee akamtazama yule mtoto wake jinsi ambavyo sijaona mtu akitazamwa. Nikawasha. Mzee akamshika Jicho sikio, kama anavyoshikwa mtoto wakati wa kunyolewa, akamvuta karibu, akamwambia neno. Akacheka. Jicho akaitikia kwa kichwa, akaendelea na skrubu yake. Hayo tu. Muda mfupi baadaye mzee akasema amechoka, tumwache ajinyooshe kidogo benchini. Tulipomwinua rangi ilikuwa imempotea. Tukamrudisha nyumbani. Kesho yake vioo vikang'olewa, na kabla wiki haijaisha tukamzika.

Kaburini, watu hawajatawanyika, mama yenu akamgeukia ndugu yake, akasema, "Taa zako ndizo zilizommaliza baba." Jicho akasema, "Na filamu yako ilikuwa na haraka ya nani?" Hayo yakawa maneno yao ya mwisho. Aliirudisha kamera ya mfadhili, akafungua studio ya picha za vitambulisho upande wa pili wa mji, na tangu hapo mji huu ukawa na barabara ambazo mama yenu hapiti.

Filamu tuliimaliza. Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu najua mmoja wenu hapa ameanza kutabasamu moyoni akidhani nasema kamera ndogo ilishinda. Haikushinda. Picha ile ipo, na ndiyo inayowaliza watu hadi leo. Lakini sauti hakuna. Maikrofoni nzuri za Jicho zilikuwa bado sandukuni, na kile kidude cha kamera ndogo kilinasa jenereta tu, ngurumo mwanzo hadi mwisho. Mama yenu aliichekecha ngurumo ile miezi na miezi, akaipunguza, akaikata, akalaza sikio kwenye spika kama anayesikiliza tumbo la mjamzito. Hakupata hata silabi moja. Mwisho tukaionyesha bila sauti kabisa, na wajuzi wakaandika kwamba kimya kile ni ufundi wa hali ya juu. Tukapewa zawadi kwa sababu ya kimya. Mama yenu aliipokea, akashukuru, akaenda kujifungia chooni alie.

Kwa hiyo vifaa si upuuzi, mwanangu. Waya mmoja ungechomekwa mahali pake, mama yenu asingezeeka akisoma midomo ya marehemu. Na wewe, binti yangu, uso ule wa babu yako haukuwa wa kesho. Mjomba wako alikuwa sahihi juu ya vioo, sahihi kabisa, na huku yuko sahihi, mzee anaisha kitini.

Siku mliyogombana koridoni kulikuwa na mtu nyuma ya nguzo. Alikuwa yeye. Alisikia kwa watu kwamba nimezidiwa, akaja na mfuko wa machungwa, akawakuta mnarushiana maneno, akasimama palepale mpaka mlipoondoka. Kisha akaingia. Mama yenu alikuwa ananimiminia chai kutoka kwenye chupa. Kikombe kilijaa, kikamwagika juu ya shuka, hakuna aliyejali. Jicho ana mvi sasa, na anainama kidogo upande mmoja. Hakumsalimu. Alisema, "Dada, wale watoto wanatumia maneno yetu."

Nilidhani atamfukuza. Nilishika chuma cha kitanda. Mama yenu akaweka chupa chini, akamuuliza lile alilolibeba miaka yote: "Baba alikwambia nini siku ile?"

Mjue kwamba mama yenu alikwisha kujiambia kila kitu. Kwamba ulikuwa usia. Kwamba ilikuwa laana. Kwamba lilikuwa neno la kufikishwa kwake yeye, ndugu yake amelikalia kwa kinyongo. Jicho akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akasema, "Aliniambia, 'Hujala tangu asubuhi. Nenda kale, mimi siendi popote.'"

Hayo tu. Mtu kumwambia mtoto wake akale.

"Na wewe ukamjibu nini?" mama yenu akauliza. Jicho akasema, "Nilimwambia dakika chache." Na mama yenu, ambaye nilidhani moyo wake kwa mtu huyu umekwisha kuwa jiwe, akamshika kichwa kile chenye mvi, akakibana kifuani, wakalia kwa sauti mpaka nesi akaja mbio akidhani nimekata roho. Walipotulia akaanza kumgombeza kwa nini amekonda. Binti yangu, ile picha ya kitambulisho chako cha shule ya sekondari ilipigwa na yeye. Alikutambua kwa paji la uso la mama yako. Alikwambia inua kidevu kidogo, ukainua, ukachukua picha yako ukaenda.

Ngojeni... ngojeni nipumue.

Sasa neno langu. Nyumba ni ya mama yenu, wala asije mtu akamshauri ahamie chumba cha nyuma. Kanda yenye picha ya babu ni ya mama yenu na ndugu yake, waiangalie wakitaka, waizike wakitaka. Stoo na kila kilichomo, kamera, lenzi, taa, na ile kamera mpya ikifika, nakupa wewe, mwanangu mwongozaji. Usinikodolee macho. Utafuta vumbi, utajua kila lenzi inataka nini, utajua kwa nini dada yako huwa analia kitu kikidondoka. Na filamu, binti yangu, hadithi yenyewe na uamuzi wa siku gani, nani, wapi, nakupa wewe. Wewe ndiye utakayemtazama shangazi yako usoni useme leo tunapiga au hatupigi. Najua hujawahi. Naye hajawahi kukaza hata skrubu. Ndiyo maana. Ukitaka kamera utamwomba, naye akitaka kusimulia atakuomba, na mkinuniana, filamu ikafa, mtakuwa mmeiua wawili.

Msinijibu. Sina nguvu ya kusikia "lakini".

Mkinizika, msinipige picha. Wageni wapige wakitaka. Ninyi siku ile mikono yenu iwe mitupu, mmoja amshike mama yenu huku, mwingine huku, na mjomba wenu asimame nanyi mbele, asiachwe nyuma na majirani.

Mama... niinulie mto. Hivyo, inatosha.

Wanangu. Mungu awape macho ya kuona mtu kabla hajawa picha. Awape kazi, na awape wa kurudi kwao kazi ikiisha. Mlichoniudhi... nimekitoa moyoni chote. Msibaki nacho.

Kesho asubuhi mchukueni shangazi yenu. Mapema, jua halijawa kali. Atakuwa amevaa. Maneno yakimtoroka, msimkimbize... yatarudi, au ataleta mengine.

Na mkiwa kazini huko mkaitwa... mkisikia mama yenu anapiga simu... asije mmoja. Sikilizeni. Asije mmoja akamwacha mwenzake. Ingieni gari moja.

Njooni pamoja.